Kuanua Matanga ya Bittan Kabla ya Kumbh

Jumanne, 5 Novemba

Wapaka rangi wamefika kichochoroni kwetu leo. Mji umeamua mtaa wetu wote wa Daraganj uwe wa rangi moja kabla ya Kumbh, hija ya kuoga mtoni ya kila miaka kumi na miwili – rangi ya ganda la chungwa lililokauka – na juu yake picha: samaki, mitumbwi, watawa wenye nywele za kamba. Walianzia kwa muuza maua wakaja nyumba kwa nyumba mpaka kwetu. Msimamizi wao, kijana mwenye taulo kichwani, akauliza tuanzie wapi. Nikamwambia humu mna msiba, mwaka haujatimia, ukuta haupakwi. Hakuuliza la pili. Akasema pole mzee, akahamisha ngazi kwa jirani.

Jioni mwanangu Pankaj karudi kutoka kazini, akasimama katikati ya njia akitazama huku na huku.

"Kichochoro kizima kimevaa ubwana harusi," akasema. "Sisi ndio jino bovu."

Ana haki ya kutania, nyumba ni yake pia.

Karibu na kizingiti, upande wa kushoto, pana mahali chokaa imebanduka. Ni kucha za marehemu mke wangu, Bittan. Akizungumza na simu, mkono wake wa pili ulikuwa ukikwangua ukuta wenyewe tu, bila yeye kujua. Nilimkataza miaka mingi. Leo nimeshukuru kwamba hakunisikia.


Jumapili, 10 Novemba

Mto Ganga umerudi nyuma. Pale palipokuwa maji mwezi wa Septemba sasa ni mchanga, na juu ya mchanga wanajenga mji. Malori ya mabati mazito ya kutandika barabara. Mapipa ya chuma ya madaraja ya kuelea, yamepangwa ukingoni kama ng'ombe wanaongoja kuvuka. Nimetembea mpaka kwenye kituo cha pampu nilikofanya kazi hadi kustaafu. Mto naujua kama mtu amjuavyo bosi wake wa zamani: nausalimu, sina la kuuomba.

Niliporudi, Gulabkali akapiga simu kutoka Rewa. Amekuwa akija kila mwaka mwezi wa Magh, yaani Januari, kuoga mtoni na ukoo wa mumewe, tangu Pankaj akiwa mtoto wa kubebwa. Hulala sebuleni kwetu na juu ya paa, Bittan akiwapikia. Kwa damu si ndugu. Waliitana dada kwa sababu siku moja walioga pamoja wakabadilishana sari bila kujua, wakaenda nazo.

"Shemeji, u mzima, au wanakulisha hewa huko?"

"Mzima."

"Unasema mzima kama mtu anayelipia maneno." Kisha sauti ikashuka. "Dada alituahidi Kumbh kubwa. Alisema tuje wote, yeye atalala jikoni. Lakini mwaka wake unatimia lini?"

Nikamwambia Machi, siku tatu kabla ya sikukuu ya Holi. Kumbh inakwisha mwishoni mwa Februari.

Akasema shemeji yake mkubwa hatakubali kutua mzigo katika nyumba yenye matanga. Wanakuja kutafuta baraka, si kukanyaga machozi ya watu. Basi watachukua hema ng'ambo ya mchanga. Ni mbali, lakini watu huenda.

"Na goti?" nikauliza.

"Goti langu halijui kama naenda kuhiji. Likikataa linakataa."

Nikasema tutaona.

"Tutaona yako, shemeji, ni hapana iliyooga."


Jumatano, 13 Novemba

Siku ya Bittan ya mwezi huu: siku ya kumi na mbili tangu mwezi kuandama. Kila mwezi siku hii namwita kuhani wetu, pandit Ramkripal, namlisha kile alichopenda marehemu, na sahani moja inapanda paani kwa kunguru. Ndivyo anavyokula Bittan, yuko njiani. Inasemwa mwaka wote wa kwanza yuko njiani.

Nimepika mchuzi wa njegere za kusaga. Mkwe wangu Neelu alisaga, mimi nikakoroga. Pandit alikula vizuri, akaomba tena.

"Mkono wako umeanza kufanana na wa mkeo," akaniambia. "Ila chumvi bado ya kiume."

Hapo Pankaj akauliza lile lililomleta nyumbani mapema. Je, barsi, ile ibada ya kutimiza mwaka na kuanua matanga, yaweza kuletwa mbele?

Pandit akasema yawezekana. Watu hufanya hivyo harusi ikiangukia katikati ya mwaka wa msiba, na Kumbh ni kubwa kuliko harusi. Lakini iwe kabla ya katikati ya Desemba, kabla jua halijaingia katika mwezi mkavu, mwezi ambao hakifungwi kitu wala hakifunguliwi. Siku kama ya leo, mwezi ujao, ingefaa sana. Na ifanywe na mkono uleule uliowasha moto wa kuchomea maiti.

Wote wakanitazama. Pankaj alikuwa mbali, Surat, wakati ule, treni ikachelewa. Aliyeuwasha ni mimi.

Nikauliza: mwaka ukifupishwa, ni mwaka bado?

"Mbinguni hakuna kalenda ya ukutani, mzee Triloki. Ukishaufunga umefungika."

"Basi mbona sisi twafuata tarehe?"

"Kwa sababu nyinyi mna ukuta."

Tulicheka wote, hata mimi. Lilikuwa jibu zuri. Nimelifikiria jioni yote na bado ni zuri.

Baada ya barsi hakuna tena sahani ya kila mwezi. Aliyekuwa njiani amefika. Anaketi na mama yangu na bibi yangu, anakula pamoja nao mara moja kwa mwaka. Mama yangu hakuwahi kuipenda chumvi yake.


Ijumaa, 15 Novemba

Mwezi mpevu. Kichochoro kizima kilishuka kuoga alfajiri. Sikwenda, sikukuu si zangu mwaka huu. Nilikaa kitandani nikisikiliza miguu yao. Wanaokwenda huongea. Wanaorudi huwa kimya, na nguo zao zinadondosha maji.

Bittan alikuwa akizama mara tatu. Ya kwanza ya nyumba. Ya pili yake. Ya tatu ya mtu aliyeshindwa kuja. Nikimuuliza nani huyo, husema: nitamjuaje? Yeye ndiye anajua.


Jumamosi, 23 Novemba

Mafundi wamevunja bafu la nyuma. Pankaj amenunua choo cha kukalia, kwa ajili ya wageni wenye magoti. Hajaniuliza. Hajasema pia kwamba ameamua. Choo kiko uani ndani ya boksi lake, kama mgeni asiyejua akae wapi.

Mchana nilijilaza, wakadhani nimelala. Neelu akamwambia Pankaj amwache mzee na mwaka wake. Pankaj akasema wageni ni wa mama, ahadi ni ya mama, na Kumbh kubwa nyingine itamkuta Gulabkali ni majivu. Neelu akasema: humwoni baba anavyopika? Pankaj akajibu: namwona. Ndiyo maana.

Kisha fundi akaita maji na wakatoka.


Jumapili, 1 Desemba

Baridi imeingia. Ukungu asubuhi hata mchanga hauonekani, nyundo tu zinasikika, kana kwamba mji ule unajengwa hewani.

Pankaj alinifuata juu ya paa. Alikuja na chai mbili, jambo ambalo hafanyi. Alizungumza kwanza juu ya mabomba. Maji hayapandi vizuri, je, mimi mtu wa pampu naonaje? Nikamwambia bomba lile jembamba. Akasema atabadilisha. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Baba, wewe ulimwosha. Ulimbeba. Moto ukauwasha wewe. Mimi nimefika, majivu yamepoa, watu wanakunja mikeka. Mtu mmoja akanipa glasi ya maji kama mgeni."

Ni kweli. Mkeka wa mwisho niliukunja mimi.

"Sijamfanyia kitu mama. Kulaza watu wake humu ndani, hicho naweza. Kupaka ukuta naweza. Kumpelekea Gulabkali maji ya moto ya kukanda goti naweza. Kuombea siwezi, hiyo ni yako. Basi niachie hii moja."

"Na ukuta ule wa mlangoni," nikasema.

"Upi?"

"Basi."

Chai ilikuwa imepoa. Nikaimaliza. Nikamwambia amjulishe pandit.


Jumatatu, 2 Desemba

Pankaj ameimba bafuni. Muda mrefu sijamsikia akiimba. Ana sauti mbaya, kama mamake.


Jumapili, 8 Desemba

Siku ya barsi hutolewa kitanda. Si kitanda kitupu: godoro, blanketi, mwavuli, kandambili, sari, kitana, kioo, taa, vyombo – kila kitu ambacho mtu angehitaji akienda kuishi mahali. Pandit huvichukua kwa niaba yake. Leo tumevikusanya sebuleni na sebule imekuwa kama chumba cha bibi harusi.

Neelu alinunua sari ya kijani. Nikasema Bittan hakuvaa kijani, kilimfanya aonekane mgonjwa. Neelu akaangalia sari, akaniangalia. "Baba, mbona hukusema? Miaka yote tumekuwa tukimnunulia ya kijani." Akaenda kuibadilisha. Alirudi na rangi ya zambarau mbivu. Ilikuwa sawa kabisa.

Kandambili nilizichagua mwenyewe. Mguu wake wa kulia ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa kushoto. Dukani hawauzi mmoja mmoja.

Gulabkali amepiga tena. Pankaj alikuwa amekwisha mwambia.

"Shemeji, sasa umesema neno. Tunakuja, na mchele wetu, na blanketi zetu, na kelele zetu. Na shemeji yangu mkubwa anakoroma, nakuonya mapema."

"Namjua. Alikoroma hapa miaka mingi."

"Sasa amepata meno ya bandia, kuna filimbi pia."

Nilicheka. Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kama nimekubali kwa moyo au kwa mdomo. Nikasema jamani, mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

"Sawa," akasema. "Hata mdomo ni mlango."


Jumanne, 10 Desemba

Daraja la kuelea la karibu nasi limefunguliwa kwa malori. Usiku lilinguruma. Nimelala kidogo.

Nimewaza hivi: miezi mitatu si kitu. Alikuwa akienda kwao kujifungua au kuuguza, akikaa miezi mitatu, na mimi nikala kwa jirani bila kulalamika. Tofauti ni kwamba wakati ule nilikuwa nikihesabu kwa kutaka iishe.


Alhamisi, 12 Desemba

Naandika mchana, nyumba imejaa watu, mimi niko juu peke yangu. Sijui kama nitamaliza.

Asubuhi tulishuka mtoni mimi na Pankaj. Anayefanya barsi hunyolewa kwanza, kisha anaoga mtoni, ndipo aanze ibada. Kinyozi Chhedi alikuwa kwenye ubao wake pale chini, kama siku zote. Ndiye aliyeninyoa Machi. Akanilowesha nywele, akanishika kidevu.

"Kaka, kichwa chako kina kona nyingi kuliko kichochoro chako," akasema. "Mara ile ulikuwa unatetemeka, nikadhani ni mkono wangu."

"Na leo?"

"Leo umetulia. Leo nina wasiwasi."

Alianza kushoto. Alikuwa amefika utosini filimbi zikalia. Walinzi wakateremka ngazini wakisema watu wote waondoke, kuna mkubwa anakuja kwa boti kukagua maandalizi. Mbao za vinyozi zikainuliwa na vinyozi wakiwa bado juu yake. Pankaj akawaambia tuna ibada, mzee amenyolewa nusu, angalieni wenyewe. Mlinzi mmoja akanitazama, uso wake ukacheka kabla ya mdomo. Akasema anaona, lakini amri ni amri. Chhedi akasukumwa upande wa pili wa uzio na sanduku lake. Alininyooshea mkono wenye wembe, kama mtu anayeaga stesheni. Akamezwa na umati.

Pankaj akachota maji ya mto kwenye ndoo, nioge nyumbani nitakapokuwa tayari. Tukapanda kichochoro. Watu waliniona. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Muuza maua akaniamkia akitazama viatu vyangu.

Nyumbani pandit Ramkripal amekaa na wenzake wanne. Chakula kiko tayari tangu asubuhi: puri, maboga, viazi, wali wa maziwa. Hawawezi kula mpaka nimalize, na siwezi kuanza mpaka ninyolewe. Mmoja wao, mzee mnene, anatazama mlango wa jikoni kama mto unavyotazamwa na mtu asiyejua kuogelea.

Pankaj akaleta mashine yake ya umeme ya kunyolea. Pandit akakataa. "Hiyo ni ya ndevu za kwenda sinema. Hapa ni wembe, na mkono wa kinyozi."

"Hata kwa dharura?"

"Hii si dharura, mwanangu. Dharura ilikuwa Machi."

Halafu akatueleza lilivyo. Ibada ya wafu hufanywa jua likiwa bado na nguvu. Kivuli cha nyumba ya jirani kikifika kwenye mlango wetu, saa yake imepita. Na siku yake ni leo. Baada ya leo hakuna nyingine ifaayo kabla ya mwezi mkavu kuingia, na baada ya hapo Kumbh imekwisha anza. Basi tena, mpaka Machi. Akasema hilo kwa upole, akinitazama mimi, si Pankaj. Pankaj tayari alikuwa amevaa viatu. Akatoka mbio kumtafuta Chhedi, au kinyozi yeyote mwenye wembe.

Neelu akaniletea maji ya kunywa. Akajitahidi kutotazama kichwa. Nikamwambia tazama tu, mwanangu. Akatazama, akafunika mdomo kwa ukingo wa sari, mabega yakatikisika. Kisha nikaona kwamba hacheki tena.

Nimepanda huku juu kujitazama kwenye kioo. Upande wa kushoto ni yule mtu wa Machi: ngozi nyeupe, mshipa unaonekana. Upande wa kulia ni mtu aliyepika, akaenda sokoni, akabishana bei ya njegere. Sikujua nimeota mvi nyingi hivi mwaka huu. Hakuna aliyeniambia. Aliyekuwa akiniambia ni yeye.

Kutoka dirishani naona kichochoro chote. Ni kizuri, lazima niseme. Kivuli kimevuka mfereji wa katikati. Kinatembea polepole kuliko nilivyodhani, halafu ukitazama pembeni ukarudi, kimesogea.

Nimejaribu kuwawazia watu wa Rewa kwenye hema, ng'ambo ya mchanga, Gulabkali akivuka daraja kwa goti lile. Nimewaona vizuri. Nimejaribu pia kuwawazia humu, filimbi ya meno sebuleni, sari zimeanikwa paani. Nimewaona vizuri vilevile. Pankaj akipita na ndoo ya maji ya moto. Hilo nimeliona vizuri kuliko yote.

Mlango wa chini umefunguliwa. Ni Pankaj, na mtu mwingine anayehema. Nasikia sauti ya Chhedi ikiomba maji, ikisema amepitishwa chini ya uzio kama mbuzi. Wale wazee wamenyanyuka, mikeka inavutwa. Pandit anasema bado, bado ipo nafasi, upesi tu.

"Baba," Pankaj anaita.

Kivuli kiko kwenye kizingiti cha muuza maua. Halafu ni ngazi yetu, halafu mlango.

Ananiita mara ya pili. Sauti imemkauka kwa kukimbia, na safari hii haipazi. Anaita taratibu, kama mtu anayemwamsha mtu wa zamu ya usiku na hataki kumshtua.

Nimeitika: naja.

Sijainuka.